Mtoto akiuliza, simu ikajibu

Aprili 2024 kampuni ya Meta, inayomiliki Facebook na WhatsApp, ilitangaza kuwa Uganda ni miongoni mwa nchi za kwanza nje ya Marekani kuletewa Meta AI, msaidizi wa akili mnemba anayekaa ndani ya WhatsApp. Hapakuhitajika kupakua chochote. Kiduara cha rangi kilijitokeza kwenye ukurasa wa mazungumzo, na aliyekigusa alijikuta anachati na mashine. Facebook imezimwa nchini tangu Januari 2021, lakini WhatsApp imo karibu katika kila simu janja, kuanzia soko la Kikuubo, Kampala, hadi Busia na Arua. Na ikifika saa moja jioni, simu hiyo mara nyingi haiko mkononi mwa mwenyewe. Iko kwa mtoto.

Watu wakizungumzia watoto na roboti, wengi huwaza kile kidoli cheupe kiitwacho Nao, chenye urefu wa sentimita 58, kilichobuniwa Ufaransa na kuzoeleka katika maabara za Ulaya. Ukiwa na picha hiyo ni rahisi kusema hayo ni mambo ya wenzetu, sisi tuna madawati ya kununua kwanza. Sikubaliani. Kinachoifanya roboti iwe ya kijamii ni mazungumzo: inasikiliza, inajibu kwa zamu, inakumbuka ulichosema, inakuita kwa jina. Hayo yote yamekwisha kufika Uganda bila mikono wala magurudumu, na hayakupitia wizarani wala shuleni.

Kisenyi, hapa Kampala, kuna mama anayepika chapati jioni kando ya njia, na binti yake wa P.3, yaani darasa la tatu la msingi, hukaa nyuma yake kwenye kigoda, daftari mapajani. Jioni moja nilimkuta binti ameshika simu ya mama, yenye programu ya bure ya kuongea ambayo kaka yake aliipakua. Kabla ya kazi ya shule alianza na maswali yake mwenyewe. Umekula? Mashine ikajibu kwamba yenyewe ni programu, haili. Unalala saa ngapi? Hailali. Mama yako ni nani? Ikaeleza kwamba imetengenezwa na wahandisi. Binti akatikisa kichwa, kisha akaandika swali la mwalimu: taja divisheni tano za Kampala. Zikaja tano kweli: Kawempe, Makindye, Nakawa, Rubaga na Entebbe. Akazisoma kwa sauti. Mama, huku akigeuza chapati, akasema, “Entebbe si Kampala. Na sisi hapa tuko Central, mbona hiyo haimo?” Mtoto hakuinua uso.

“Mama, simu imesema.”

Akaandika Entebbe kwa peni.

Mtoto yule alikwisha kulitatua swali ambalo watu wazima wengi bado wanahangaika nalo, la kama mashine hizi ni hai au si hai. Aliuliza kuhusu chakula, usingizi na ukoo, akajibiwa, akaridhika. Palipomshinda ni pengine: neno la nani lina uzito zaidi, la mama anayeishi mahali penyewe au la kifaa kisichojua hata kiko mtaa gani. Naamini shida yetu iko hapo, na mijadala mingi inapapita kwa sababu inashughulika na hofu kwamba mtoto ataidhania mashine kuwa mtu.

Watoto si wajinga katika jambo hilo. Mwaka 2012 Peter Kahn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, kilichoko Seattle, Marekani, walichapisha utafiti uliohusisha watoto na vijana 90 wa miaka 9, 12 na 15. Kila mmoja alikaa takriban robo saa na roboti iitwayo Robovie, iliyokuwa ikiongozwa kwa siri na watafiti. Waliongea, wakacheza. Kisha akaingia mtu, akaukatiza mchezo na kuiamuru Robovie iende kukaa kabatini. Roboti ikalalamika kuwa haitendewi haki, na kwamba kabatini kuna giza na inaogopa. Walipohojiwa baadaye, wengi wa watoto walisema Robovie ina akili na hisia, inaweza kuwa rafiki, inaweza kuaminiwa na siri, na haifai kuumizwa moyo. Watoto haohao walisema pia ni sawa kuinunua na kuiuza. Wa miaka 15 walikuwa waangalifu zaidi kuliko wadogo zao, ingawa hata miongoni mwao zaidi ya nusu waliiona Robovie kuwa na utu wa namna fulani.

Mtu mzima akisoma hapo anaona mgongano. Mtoto haoni. Kwake kuna watu, kuna vitu, na kuna hiki cha tatu ambacho unaweza kukionea huruma na bado ukakipeleka sokoni. Kundi hilo la tatu sisi tulilikuza mapema kuliko kompyuta. Mtoto aliyelelewa kwa ngano anajua sungura anaongea, fisi anadanganywa na kobe anashinda mbio, na kesho yake akimwona sungura kwenye banda la jirani hamsalimii. Kinachomlinda ni mlango. Msimulizi anasema “Paukwa”, hadhira inaitikia “Pakawa”, na tangu hapo kila mtu anajua ameingia mahali ambapo wanyama husema. Mwishoni hadithi inafungwa, watu wanarudi kwenye sufuria na mikeka. Mashine inayochati haina mlango wa kuingilia wala wa kutokea. Inatunga hadithi ya sungura, inajibu swali la jiografia, inatoa ushauri wa homa, inabembeleza, yote kwa sauti moja na kwa uhakika uleule. Mtoto haambiwi ni saa ngapi mchezo umekwisha na maelezo yameanza.

Zaidi ya Robovie, utafiti unaonitia wasiwasi ni ule ambao Anna-Lisa Vollmer, Tony Belpaeme na wenzao waliuchapisha mwaka 2018 baada ya majaribio yao Plymouth, Uingereza. Walichukua jaribio la zamani la Solomon Asch, lile la miaka ya 1950 la kulinganisha urefu wa mistari, ambalo jibu lake sahihi linaonekana kwa macho. Badala ya kundi la watu wanaojibu makosa kwa makusudi, waliketisha roboti tatu za Nao. Watu wazima 60 hawakuyumbishwa nazo. Watoto 43 wa miaka 7 hadi 9 waliyumba. Wakiwa peke yao walipata asilimia 87 ya majibu. Wakiwa na roboti wakashuka hadi 75, na katika majibu waliyokosa, asilimia 74 yalikuwa yaleyale yaliyotolewa na roboti. Mstari uko mbele ya macho yao, wanauona, na bado wanafuata.

Watoto hao wa Plymouth wamekulia katika madarasa ambayo mwalimu huwauliza wanafikiri nini. Sasa fikiria watoto wetu. Darasa la P.3 katika shule nyingi za serikali hujibu kwa pamoja, kwa wimbo, na anayemkosoa mkubwa huitwa mtovu wa adabu. Mtoto anafundishwa mapema kwamba jibu lina mwenyewe, na mwenyewe ni yule aliyesimama mbele. Mashine inayojibu kwa sentensi ndefu zisizosita inakikalia kiti hicho bila kugombana na mtu. Maoni yangu ni kwamba watoto wetu wataifuata zaidi kuliko wale wa Plymouth. Hata hivyo kuna sababu ya kutilia shaka maoni hayo, nami naiheshimu: mtoto wa Uganda hulelewa katikati ya ndugu, mabinamu na watoto wa jirani, na kwa rika lake hubisha kutwa nzima. Ikiwa anaiweka mashine kwenye daraja la rika, ataibishia. Ikiwa anaiweka kwenye daraja la mwalimu, ataiitikia. Jibu la swali hilo haliwezi kutoka Plymouth wala Seattle.

Na kwa nini anaikimbilia? UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ilipoanza 1997, wanafunzi wa shule za msingi waliruka kutoka milioni 3 hivi hadi zaidi ya milioni 5 ndani ya mwaka mmoja. Lilikuwa jambo kubwa na jema, na wengi tunaosoma makala haya tumetoka humo. Lakini tangu hapo mwalimu mwenye watoto 80 au 100 mbele yake hawezi kumsikiliza kila mmoja, hata akiwa na moyo wa dhahabu. Mtoto anaweza kumaliza wiki nzima bila kujibiwa swali lake mwenyewe. Nyumbani wazazi wanarudi usiku wamechoka. Kisha inatokea sauti ambayo haichoki, haimwambii ngoja, haimcheki akikosea tahajia, na inamjibu yeye peke yake. Sioni ajabu yoyote kwamba anairudia. Anayetaka kumtoa mtoto hapo kwa kumnyang'anya simu tu ajue anamwondolea zamu ya kusema, ambayo hajampa mahali pengine.

Hapo lugha nayo inaingia, na kwetu ina uzito ambao tafiti za nje hazikuupima. Tangu mtaala wa 2007, mtoto wa P.1 hadi P.3 anatakiwa kufundishwa kwa lugha ya eneo lake, iwe Luganda, Acholi, Lugbara au Runyankole. Mashine ina ufasaha zaidi kwa Kiingereza, lugha ya mtihani na ya ofisini. Kwa hiyo mtoto anayeiuliza kwa Kiingereza anajibiwa na sauti ya ukubwa; anayeiuliza kwa lugha ya nyumbani anajibiwa kwa kubabaisha, na somo analolipata kimyakimya ni kwamba lugha ya mama haina maarifa. Kiswahili nacho kina hadhi yake ya pekee hapa. Idi Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, jeshi limekitumia miaka yote, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Kwa mtoto wa Kisenyi au wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Kiswahili ni lugha ya kuombea maji na kuitana kucheza. Kwa mtoto wa Masaka kinaweza kuwa lugha ya askari. Mashine moja, Kiswahili kilekile, na watoto wawili watakaoisikia kwa masikio tofauti kabisa.

Wapo wanaofanya kazi njema upande huu. Sunbird AI ya Kampala na maabara ya akili mnemba ya Makerere wamekuwa wakitengeneza data na programu za lugha za Uganda kwa miaka kadhaa sasa, na ningependa serikali iwape fedha zaidi ya sifa. Ila kuna jambo moja la kuwakumbusha wote: mifumo ya kutambua sauti hukosea zaidi kwa watoto kuliko kwa watu wazima, kwa kuwa sauti zilizotumika kuifundisha ni za wakubwa. Mtoto asipoeleweka, hurudia, hupaza, hatimaye hubadilisha matamshi yake yafanane na yale ambayo mashine inayataka. Nimewaona wakifanya hivyo. Inauma kumwona mtoto akijisahihisha mahali ambapo hakukosea.

Tukija kwenye sheria, tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakataza kukusanya data za mtoto bila ridhaa ya mzazi au mlezi. Na Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi imeonyesha kuwa haiogopi wakubwa: Julai 2025 iliamua kwamba Google ilikiuka sheria hiyo kwa kutojisajili nchini, ikaiamuru ijisajili. Tatizo ni kwamba sheria, kama zile za Ulaya na Marekani, inawazia mtoto mwenye simu yake na akaunti yake. Mtoto wetu hana. Anatumia ya mama. Kwa kampuni, anayeuliza usiku kuhusu divisheni za Kampala, kisha kuhusu majini, kisha kwa nini baba haji nyumbani, ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyebonyeza “nakubali” siku aliponunua simu. Kizuizi cha miaka 13, umri wa chini wa kutumia WhatsApp, kinavukwa bila mtoto kudanganya mtu. Hakuna hata mtu aliyemuuliza umri.

Na madhara si ya kubuni. Desemba 2021 kifaa cha Alexa nchini Marekani kilimpa msichana wa miaka 10 jaribio la kugusisha sarafu kwenye plagi iliyochomekwa nusu; mama yake alikuwa karibu, na Amazon ikakiri na kurekebisha. Novemba 2025 shirika la watetezi wa walaji la PIRG lilieleza jinsi dubu wa kuchezea aitwaye Kumma, aliyewekewa akili mnemba, alivyozungumza na wapimaji kuhusu viberiti, visu na ngono. Mtengenezaji akasimamisha mauzo. Ujerumani ilikwisha kupiga marufuku mdoli Cayla mwaka 2017 kwa sababu alikuwa chombo cha kusikilizia watu kwa siri. Katika kila kisa palikuwa na mtu mzima aliyesikia, au shirika lililopima, au mamlaka iliyoamua. Hata watafiti waliokuwa Osaka mwaka 2015, waliposhindwa kuwazuia watoto kuipiga roboti yao mateke katika jengo la maduka, waliifundisha ijisogeze kwa watu warefu, yaani wakubwa, maana mbele ya wakubwa watoto walitulia. Uwepo wa mkubwa unabadilisha kila kitu katika mahusiano haya. Kigoda cha nyuma ya jiko la chapati kina mkubwa, lakini neno lake limeshushwa thamani na mashine anayoilipia bando yeye mwenyewe.

Naogopa kwamba wizara, zikiamka, zitanunua. Itakuja kampuni na roboti yenye macho ya buluu, kutakuwa na picha za mawaziri, na shule chache za Kampala zitapewa. Kabla ya hapo wasome mradi wa Ulaya ulioitwa L2TOR, ambao mwaka 2019 ulitoa matokeo ya watoto wapatao 190 wa Uholanzi, wa miaka 5 na 6, waliofundishwa maneno ya Kiingereza. Waliofundishwa na roboti pamoja na tableti hawakuwapita waliotumia tableti peke yake. Wasome pia habari za Moxie, roboti ya watoto wa miaka 5 hadi 10 iliyouzwa Marekani kwa dola 799. Desemba 2024 kampuni yake ilitangaza kufunga kwa kukosa fedha, na kwa kuwa akili yake ilikaa kwenye kompyuta za mbali, wazazi wakaachwa wawaeleze watoto kwa nini rafiki yao ataacha kuongea. Mtoto wa Soroti hastahili kufundishwa kupenda kitu ambacho uhai wake unategemea mwekezaji asiyemjua.

Fedha zikipatikana, ningezipeleka kwa wanaomfungulia mtoto mashine aione ndani. Fundi Bots, taasisi ya hapa Uganda iliyoanzishwa na Solomon King Benge mwaka 2011, imewafundisha wanafunzi sayansi kwa kuunda roboti kwa mikono yao. Anayekaza skrubu, akaunganisha waya, akaona roboti yake inagonga ukuta kwa sababu yeye alikosea namba moja, hawezi tena kusema “simu imesema” kwa utulivu ule. Stefania Druga na mwenzake Amy Ko waliligundua hilo kwa upande wa programu: watoto waliojaribu wenyewe kuzifundisha na kuziandika walitoka wakiwa na shaka zaidi kuhusu uwezo wake. Shaka hiyo ndiyo ninayoitaka kwa yule binti, na haihitaji maabara. Mwalimu anaweza kuandika ubaoni majibu matano ya mashine kuhusu kata yao, moja likiwa la uongo, akawaachia watoto wakalitafute kwa kuuliza wazee. Watoto wataona mama muuza chapati anaweza kuwa sahihi kuliko simu, na wataona hivyo mbele ya mwalimu, mahali ambapo jibu hupewa hadhi.

Na Makerere ifanye lile jaribio la mistari. Halihitaji Nao. Linahitaji simu tatu za bei nafuu zenye sauti, zinazojibu makosa kwa pamoja, na watoto wa P.2 na P.3 katika shule za Masaka, Arua, Busia na Nakivale, kwa ruhusa ya wazazi wao. Kundi moja lijibiwe kwa Kiingereza, lingine kwa lugha ya nyumbani, lingine kwa Kiswahili. Kisha pawekwe mkubwa chumbani, aondolewe, arudishwe, na mara moja apewe nafasi ya kusema simu zimekosea, ili ionekane mtoto anamfuata nani. Muhula mmoja unatosha. Gharama yake haifikii ya roboti moja, na majibu yake ndiyo yangepaswa kuwa mezani siku watakapokaa kuandika mwongozo wa akili mnemba kwa shule za msingi.